Koti Lililokataa Ndoo ya Mwisho

Mtaa mzima ulimwita Bi Nusa. Jina hilo hakupewa na mtu mmoja. Lilitoka puani mwa watu wenyewe. Mtu akija kuchukua nguo zake, kabla hajatazama kama lile doa la chai limetoka, alikuwa anaziinua hadi usoni na kuvuta pumzi. Wakubwa kwa wadogo, hata yule mwalimu mstaafu asiyecheka na mtu. Wananusa kwanza, salamu baadaye.

Harufu ilitoka kwenye ndoo ya mwisho. Uani kwake kulikuwa na makarai ya kufulia, pipa la kusuuzia, na pembeni, juu ya jiwe lake, ndoo ya buluu ambayo mpini wake ulikuwa umefungwa waya. Humo alitia dawa ya kulainisha nguo, ile nzito yenye harufu ya maua, na kila nguo iliyotoka pale ilipita humo. Shati la karani, shuka la mgonjwa, pazia, nepi, vyote. Alianza kufua mumewe alipofariki na kumwachia watoto wawili, mmoja anatembea na mwingine mgongoni. Wafuaji wakati huo walikuwa kila kona. Wenzake wote waliacha au walishindwa. Yeye alibaki, na kilichombakisha ni ile ndoo. Ndoo ile ilisomesha watoto na kuezeka paa. Kwa hiyo mtu asije akamletea habari za ndoo ya mwisho, maana atajibiwa.

Alikuwa na jambo lake jingine, nalo ni mkasi. Lebo za nguo zinakwaruza shingo, na Bi Nusa hakuvumilia kitu kinachokwaruza shingo ya mtu. Alizikata zote, za wanawe na za wateja, aliyeomba na asiyeomba. Nguo haina haja ya kujieleza kwake, alikuwa akisema, yeye anaijua kwa kuishika. Kusoma alisoma kidogo, kiasi cha kulijua jina lake na maneno ya kwenye pakiti ya sabuni, na hakuona lebo itamwambia nini ambacho kidole gumba hakijamwambia.

Hapo ndipo lilipoingia koti la Kitinda.

Kitinda ndiye binti yake, yule aliyekuwa mgongoni, sasa mtu mzima mwenye miguu migumu kama chuma. Alifanya kazi katika duka kubwa la dawa, akiwapelekea wagonjwa dawa majumbani kwa baiskeli, jua na mvua. Kazini walimpa koti la mvua la kuendeshea: jepesi, la njano kama kiini cha yai, fupi mbele na refu nyuma ili mtu akiinamia usukani mgongo usibaki wazi. Maji yakilipiga yalijikusanya matone na kuteleza chini, na kitambaa kikabaki kama hakikuguswa. Kitinda alilipenda kuliko gauni lolote. Alilifuta kwa kitambaa kibichi na kulitundika, na kumwambia mama yake, kwa heshima zote, kwamba lile aliache.

Bi Nusa aliliacha, miezi mingi. Lakini koti lilizidi kuchafuka mbele ya macho yake. Gurudumu la nyuma lilichora mstari wa tope mgongoni, mafuta ya mnyororo yakashika pindoni, ukosi ukawa mweusi kwa jasho. Mfuaji kukaa nyumba moja na ukosi mweusi ni mateso. Siku moja Kitinda akiwa amelala baada ya zamu, koti likiwa kwenye kiti, uzalendo ukamshinda. Alilifua kama alivyofua kila kitu: sabuni ya unga, brashi, akalikamua kwa nguvu za mkono wake wote, kisha ndoo ya mwisho. Na kwa kuwa ni la mwanawe, aliliacha humo lilowe muda mrefu, liweze kushiba. Lilipokauka akachukua mkasi, akakata lebo.

Lilitoka laini kama kitambaa cha mtoto mchanga. Jirani alilisikia harufu toka ng'ambo ya ukuta.

Mvua iliyofuata ilimkuta Kitinda barabarani na mfuko wa dawa mgongoni. Koti halikukataa hata tone. Lilikunywa maji mabegani, likanywa mgongoni, likawa zito na kumganda mwilini, na Kitinda akarudi amelowa chapachapa, meno yanagongana. Usiku homa ikapanda, kifua kikabana, na siku zilizofuata akazipitisha chini ya blanketi.

Habari zilimfikia kaka yake. Huyu ndiye kifungua mimba, msimamizi wa ghala, na nyumbani walimwita Bwana Mipango kwa sababu hakuwahi kukutana na maisha ya mtu bila kuyapangia. Hakuwa mtoto mbaya. Alimpenda mama yake na kwa miaka alitaka kumhamishia kwake, kwenye chumba cha nyuma chenye kiti cha kuegemea na televisheni, akapumzike. Neno kupumzika ndilo Bi Nusa alilolichukia kuliko doa la kutu. Waliopumzika aliwajua, alikuwa amefua shuka zao.

Siku hiyo Bwana Mipango alikuja na futi ya kupimia. Alimwona dada yake kwanza, akatoka uani, akasimama anatazama makarai. Kisha akaanza kupima, kutoka ukutani hadi kwenye pipa, na huku anapima anaeleza kwamba hapa atamwaga saruji, pale ataweka ukumbi mdogo, wapangaji watakaoingia mama akihama watapata pa kukaa. Bi Nusa alikuwa anaanika. Aliendelea kuanika.

"Mama," alisema mwanawe, "mikono yako imepasuka. Umefua vya kutosha. Zamani ulikuwa unasafisha, sasa unaharibu."

Angesema umezeeka, angesamehewa. Angesema umechoka, angechekwa. Unaharibu ilimwingia Bi Nusa mpaka kwenye mfupa. Alichomoa kibanio mdomoni.

"Njoo mvua inayofuata," alisema. "Koti lile nitalivaa mimi mwenyewe. Nikilowa, leta gari ubebe makarai, na mimi nitapanda juu yake nije nikae kwenye kiti chako. Nisipolowa, saruji yako kamwagie kwako."

Kutoka ndani, Kitinda alicheka mpaka akakohoa. "Mama, lile sasa ni taulo."

Bi Nusa alimwambia anywe dawa na afumbe mdomo, homa isije ikamwingia tena kwa huko.

Kusema alikuwa amesema. Sasa ilibaki namna. Alilichukua koti, akalipapasa, na kidole gumba, ambacho kilijua pamba na sufu na hariri, hakikumwambia kitu. Kilimwambia ni laini tu. Alitafuta lebo kwenye sanduku la vifungo, kwenye takataka, chini ya mashine ya kushonea. Hakuna lebo. Mkasi ulikuwa umetundikwa msumarini, umenyamaza.

Mtu pekee wa karibu aliyejua mambo ya waendesha baiskeli alikuwa fundi baiskeli wa pale kona, na fundi na Bi Nusa walikuwa hawaongei. Ugomvi wao ulikuwa juu ya ovaroli. Zamani fundi alileta ovaroli yake ifuliwe, imeshiba grisi hadi inasimama yenyewe, na maji ya karai zima yakageuka lami. Bi Nusa aliirudisha ikiwa mbichi, akaiweka juu ya benchi lake mbele ya wateja, akamwambia akaioshe kwa petroli. Toka siku hiyo walipitana kama magari.

Alijikaza kisabuni, akaenda, koti mkononi. Fundi alikuwa ameinamia gurudumu. Alilitazama koti, hakumtazama mwenye nalo, na kabla hajasema lolote akaliinua usoni akanusa. Kisha akatabasamu, na tabasamu lile Bi Nusa alitamani kuliosha kwa brashi.

Fundi alimweleza bila haraka, kama mtu anayekula kitu kitamu. Kitambaa chenyewe hakijafa. Juu yake kimepakwa kitu chembamba kisichoonekana, na hicho ndicho kinachoyafukuza maji. Tope na mafuta ya mnyororo yanakifunika. Sabuni ya unga isiyosuuzwa ikaisha inakifunika. Na kinachokimaliza kabisa ni ile dawa ya kulainisha, maana inakaa juu ya nyuzi na kuyakaribisha maji ndani. Koti likishaivaa dawa hiyo, tone likija linapokewa kama mgeni.

"Maji yangu hayabakizi sabuni," alisema Bi Nusa.

"Hayabakizi sabuni, Bi Mkubwa. Yanabakiza maua."

Alikuwa na sabuni ya maji isiyo na harufu, ya kufulia nguo za aina hiyo, na dawa ya kupulizia ya kurudisha ule uwezo wa kukataa maji. Alivitoa kabatini, akaviweka juu ya benchi, na mkono akauacha juu yake. Bi Nusa alielewa mara moja anachosubiri.

"Ilete ovaroli," alisema. "Lakini uikwangue kwanza."

Kazi aliianza asubuhi, na hakuianzia kwenye koti. Aliianzia kwenye karai, maana alipolipitishia kiganja lilikuwa linateleza. Miaka ya maua ilikuwa imeshika kwenye bati. Alilisugua kwa mchanga mpaka likalia. Kisha akalipiga koti brashi kavu, polepole, tope lote likadondoka, akakagua mifuko, akafunga zipu hadi juu na kulegeza vikaza vya mikono. Maji ya vuguvugu, sabuni ile kidogo tu, na mikono. Brashi ya kusugulia aliiweka mbali, na kukamua alijikataza, jambo ambalo kwake lilikuwa kama kumwambia mtu ale bila kutafuna. Alilikandamiza tu, akaliinua, akalikandamiza.

Halafu kusuuza. Alilitia pipani, maji yakatoa povu. Akabadilisha maji, povu. Akabadilisha tena, povu bado, dogo, jeupe, linanukia maua. Bi Nusa alilitazama povu lile kwa muda. Hakuna mtu uani. Angeweza kusema neno, kukiri hata kwa kuku. Badala yake aliyamwaga maji na kwenda bombani, akaenda tena, mpaka mgongo ukamuuma na maji yakakaa kwenye pipa meupe na matupu kama ya kunywa.

Na mkono wake, kwa mazoea yake wenyewe, ukalinyanyua koti na kulipeleka kwenye ndoo ya mwisho. Lilikuwa limebakiza kama shibiri kuyagusa maji. Alisimama hapo, koti linachuruzika, ndoo inanukia. Kwa maisha yake yote hakuwahi kutoa nguo bila kuipitisha humo; ilikuwa kama kumtoa mtoto nje bila nguo. Kisha akageuka, akalianika kivulini, mbali na ndoo, likiwa halina harufu ya kitu chochote duniani.

Lilipokauka alilijaribu kwa maji. Tone likakaa kidogo likifikiri, halafu likazama. Bi Nusa hakushtuka. Fundi alikuwa amemwambia kwamba baada ya kufua lile koti linataka joto ndipo liamke, joto la chini, pasi isiguse kitambaa chenyewe. Alitandika foronya kuukuu juu ya koti, akaiweka pasi kwenye moto wa chini kabisa, bila mvuke, na kuanza kupita, mkono mwepesi kama anapangusa uso wa mgonjwa.

Wapiga pasi wote wana tabia moja: huchovya vidole kwenye bakuli na kunyunyizia nguo maji kabla ya kupita. Bi Nusa alifunua foronya na kunyunyiza, bila kufikiri, kama alivyonyunyiza maelfu ya mashati. Maji yakasimama. Yakajikunja kuwa shanga, yakabingirika juu ya mkono wa koti, yakaanguka sakafuni. Alinyunyiza tena, yakabingirika tena. Hajawahi kupiga pasi nguo iliyomkatalia maji mbele ya macho yake, na badala ya kuudhika alijikuta analicheka. Kaidi lile. Alianza kulipenda.

Lakini mabegani, pale mikanda ya mfuko wa dawa inaposugua kila siku, na kiunoni nyuma, tone lilizama bado. Joto halikutosha hapo. Kile kilichopakwa kilikuwa kimelika. Alilipangusa koti kwa kitambaa kibichi, akapulizia dawa ya fundi sehemu zile, akafuta iliyozidi isije ikaacha mabaka, akalikausha na kulirudishia pasi na foronya. Akatundika. Kitinda, ambaye homa ilikuwa imemwachia, alikuja akalishika na kulipeleka puani.

"Mama, halinuki kitu."

"Usilinuse. Livae."

"Si umesema utalivaa wewe?"

"Nitalivaa mimi," alisema Bi Nusa. "Wewe leta baiskeli."

Mvua ilikuja mchana wa siku ya kazi, bila kupiga hodi. Ilianza juu ya mabati kama mtu anamwaga mchele, halafu ikashuka yote. Bi Nusa alichukua simu, akampigia mwanawe, akasema neno moja, "Inanyesha," akakata.

Bwana Mipango alifika na koti lake la kazini limelowa kwa ule mwendo wa kutoka kwenye gari hadi mlangoni. Aliyoyakuta uani aliyasimulia baadaye ofisini, na wengine hawakuamini. Mama yake alikuwa amevaa blauzi nyeupe aliyoipiga pasi makusudi, nyeupe ili tone lisipate pa kujificha, na juu yake koti la njano limefungwa hadi kidevuni, nywele amezifunika kwa mfuko wa nailoni. Na kwa kuwa koti lile lilikatwa kwa ajili ya mtu aliyeinama, fupi mbele na refu nyuma, alikuwa ameamuru baiskeli ya Kitinda isimamishwe kwenye stendi yake, chini kabisa ya mdomo wa mfereji wa paa, naye amekaa juu, ameinamia usukani, maji yote ya paa yanamshukia mgongoni. Hajawahi kuendesha baiskeli maishani mwake. Alikuwa anakanyaga pedali, gurudumu la nyuma linazunguka hewani na kurusha maji hadi ukutani. Madirisha ya majirani yalikuwa yamejaa vichwa.

"Mama, shuka, utaanguka," alisema mwanawe.

"Kutoka wapi? Siendi popote."

Alimsihi. Alimwambia ameona, imetosha kwa mambo ya utani. Bi Nusa akasema yeye hatanii, na hashuki mpaka aliyekuja na futi aseme kwa kinywa chake kwamba hiyo ni mvua ya kutosha, asije kesho akadai ilikuwa manyunyu. Kitinda alishika baiskeli kwa nyuma, anatikisika kwa kicheko. Maji yalipiga mabega ya njano, yakavunjika, yakateleza, hayakuingia. Bwana Mipango alisimama chini ya upenu, maji yanamtona kwenye mikono ya koti lake mwenyewe, viatu vinafyonza.

"Basi, Mama," alisema mwishowe. "Hii ni mvua."

Ndipo aliposhuka, taratibu, kama mtu anayeteremka kwenye jukwaa. Waliingia ndani. Alifungua zipu mwenyewe. Blauzi ilikuwa nyeupe na kavu, mikunjo ya pasi bado imesimama kifuani. Akageuka ili mgongo uonekane, na mgongo ulikuwa mkavu.

Lakini Bwana Mipango hakuwa msimamizi wa ghala bure. Alizoea kukagua mzigo hadi chini. Aliinua ukosi wa blauzi na kuweka kidole chini ya kisogo. Palikuwa na alama ya maji, ndogo, kama kucha.

"Na hapa?"

Kitinda aliacha kucheka. Bi Nusa alilivua koti, akaligeuza, akalisogeza kwenye mwanga wa dirisha. Pale palipokuwa na lebo palikuwa na tundu dogo, mkasi ulipopitiliza uzi na kuuma kitambaa.

"Hapo ni mkasi," alisema. "Kufua hakukutoboa."

"Mkasi wa nani, Mama?"

Bi Nusa hakupepesa macho.

"Wa kwangu. Kila kitu humu uani ni changu, na tundu nalo ni langu. Nitaliziba mwenyewe, na nikishaliziba nitarudi juu ya baiskeli, hata kama mvua ni ya mwakani. Wewe utanikuta hapa."

Mwanawe alimtazama mwanamke yule mwenye mikono iliyopasuka, nywele zimekauka, amesimama nyumbani kwake, na mbele yake yeye mwenyewe, mwanamume wa ofisini, anatona kama nguo iliyosahauliwa kwenye kamba. Kisha akaanza kulivua koti lake. Lilimshika mikononi kwa kulowa, ikabidi dada yake amvute.

"Na hili?" aliuliza, akimpa mama yake. "Hili nalo ni kaidi?"

Bi Nusa alilipokea, akaliinua usoni, akanusa. Vumbi la ghala, makaratasi, jasho la mtu anayefanya kazi sana na hana wa kumwambia.

"Hili ni pamba tu," alisema. "Hili linapita ndoo ya mwisho."

Bwana Mipango alipoondoka alikuwa na shati peke yake, na futi aliiacha juu ya dirisha. Hakuna aliyejua kama aliisahau. Bi Nusa aliitumia siku hiyohiyo mvua ilipokatika: alipima kutoka ukutani hadi kwenye pipa, pale pale palipopangiwa saruji, akafunga kamba ya pili, kivulini, mbali na harufu. Wenzake Kitinda wa duka la dawa walianza kuleta makoti yao ya njano, na yakaning'inia hapo kamba nzima, yananuka hewa tu. Fundi naye ovaroli yake ilianikwa mwisho kabisa, peke yake, jinsi inavyostahili.

Wageni wanaokuja hunyoosha pua kwenye makoti yale na kushangaa. Huambiwa wasinuse, wamwagie maji. Mkasi haukati tena lebo ya koti la mvua, ingawa lebo nyingine zinaendelea kukatwa, na asiyependa akafue kwingine. Na ndoo ya buluu ipo juu ya jiwe lake, mpini wake una waya mpya.